Nimwite Mhandisi Yupi?

Barua za mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali za Mombasa: Tudor, Mikindani, Likoni, Mtongwe na Nyali, na kila moja kwa njia yake yauliza kazi fulani ni ya nani. Tumezijibu kwa urefu usiolingana kwa sababu hazina uzito sawa.

Mota ya pampu yaungua kila mara

*Assalaam aleikum. Mimi ni msimamizi wa jumba la ghorofa sita hapa Tudor. Pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini hadi tangi la paani imeungua mota mara tatu mwaka huu. Fundi wa umeme asema pampu ndiyo mbovu, fundi wa pampu asema umeme ndio mbovu. Wenye nyumba wamechoka kuchangishwa. Nimwite mhandisi wa mitambo au wa umeme?*
*Msimamizi, Tudor*

Waaleikum salaam, bwana msimamizi. Usimwite yeyote kwanza. Mota ikiungua mara moja, huenda ilitoka kiwandani na kasoro. Ikiungua mara tatu, kuna kitu nje ya mota kinachoiua, na usipokipata, ya nne iko njiani. Kitu hicho chaweza kuwa upande wa umeme au upande wa maji, na ubishi wa mafundi hautakuonyesha ni upi. Vipimo ndivyo vitakavyokuonyesha.

Soma kibati kilichopigiliwa kwenye mota. Tuseme kimeandikwa kilowati 5.5, volti 415, ampea 11. Pampu ikiwa inapandisha maji, fundi wa umeme apime volti baina ya kila jozi ya fezi (zile nyaya tatu zinazoleta umeme), vipimo vitatu, kisha ampea za kila waya kwa mita ya kubana, vipimo vitatu vingine. Apime asubuhi, arudie saa mbili usiku wapangaji wakiwa wanapika na viyoyozi vinafanya kazi. Vyote kumi na viwili aviandike.

Anza na volti. Ukipata 415, 402 na 398, wastani ni 405, na kipimo kilicho mbali zaidi na wastani kimepishana nao kwa 10. Kumi ukigawa kwa 405 wapata kama asilimia 2.5. Kwa macho ni tofauti ndogo, lakini kwa mota si ndogo: kanuni ya makadirio ni kuizidisha asilimia hiyo kwa yenyewe, kisha mara mbili, na jibu ndilo joto linaloongezeka ndani ya waya. Hapa ni zaidi ya asilimia 12. Tofauti ikifika asilimia 5, pampu isiendeshwe kabisa. Sababu ya kawaida katika majumba ya kupangisha ni fezi tatu kugawanywa ovyo, viyoyozi na bafu za maji moto zikalundikana kwenye fezi moja. Ili kujua, zimeni swichi kuu ya jumba, mpime tena upande wa mita. Tofauti ikitoweka, ni kazi ya mhandisi wa umeme kupanga upya mzigo wa jumba. Ikibaki, peleka malalamiko Kenya Power pamoja na karatasi yako ya vipimo.

Volti zikiwa sawa lakini ampea zimepita 11, geukia upande wa mitambo. Zimeni umeme, mzungushe shafti kwa mkono. Ikikwama au ikikwaruza, beringi zimekwisha, au impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) inagusa ganda la pampu. Ikizunguka vizuri, tazama kibati cha pampu yenyewe, kwa maana hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipitia mbali. Pampu iliyonunuliwa kwa ajili ya kupandisha maji mita 45, ukiifunga ipandishe mita 22 tu, haipumziki. Pampu za aina hii, zikipata mlima mfupi, hutoa maji mengi kuliko zilivyopangiwa, na maji mengi ni ampea nyingi. Dawa ya haraka ni kufunga polepole vali ya upande wa kutolea maji, huku mita ya kubana ikiwa kwenye waya, hadi ampea zishuke chini ya 11. Usiifunge kamwe vali ya upande wa kuvutia: maji yatakosekana mdomoni mwa pampu, mapovu yataanza kupasuka ndani, utasikia mlio kama wa kokoto, na impela italika. Dawa ya kudumu ni pampu ya ukubwa unaofaa, au impela iliyopunguzwa kipenyo, na hesabu hiyo ni ya mhandisi wa mitambo.

Ampea zikiwa chini na zinapanda na kushuka, tangi la chini linakauka au chujio limeziba. Pampu ikizunguka bila maji, sili huungua, maji hupenya hadi kwenye mota, na aliyefungua mota huona waya umeungua akalaumu umeme.

Kisha fungua kisanduku cha stata, kile cha kuwashia mota. Chini ya kontakta (swichi inayojivuta kwa umeme) kuna rilei ya kuzuia mzigo kupita kiasi, ina kigurudumu kidogo cha kurekebisha kwa bisibisi. Mota yako yataka kisomeke 11. Mara nyingi hukutwa kimezungushwa hadi 14 au 16, kwa sababu rilei ilikuwa ikikatakata usiku na mtu akachoka kuitwa. Kuanzia hapo mota haina mlinzi. Sisi twaona hicho ndicho cha kutazamwa mapema kuliko vyote, na hakigharimu hata shilingi. Hapo hapo uliza kama kuna rilei ya kukata fezi moja ikipotea. Kama hakuna, iwekwe.

Mwisho, hesabu pampu inawaka mara ngapi kwa saa. Mota inapoanza huvuta mara sita hadi nane ya ampea zake za kawaida. Floti ya tangi la juu ikiwa na nafasi ndogo baina ya kuwasha na kuzima, mota huanza kila dakika chache na haipati muda wa kupoa. Refusha kamba ya floti.

Sasa, nani aitwe? Kwa majumba yupo mhandisi wa huduma za majengo, ambaye kazi yake ni maji, umeme, lifti na viyoyozi kwa pamoja. Ukimpata, mpe karatasi yako. Usipompata, waite fundi wa umeme na fundi wa pampu waje saa ile ile, pampu ikiwa inazunguka, na mmoja wao atie sahihi kwamba yeye ndiye anayewajibika kwa mtambo mzima, kuanzia stata hadi bomba la juu. Wakija siku mbalimbali, utaendelea kusikia uliyokwisha kusikia. Na mota ikitoka kusukwa upya, kabla ya kufungwa ipimwe kwa mega ya volti 500, mita inayoonyesha kama umeme unavuja kwenye waya. Chini ya megaomu 1, irudishe kwa msukaji. Mota iliyosukwa upya na kukaushwa sawasawa husoma juu zaidi ya hapo kwa mbali, na katika hewa yetu ya chumvi na unyevu vanishi ikipakwa kijuujuu haidumu.

Msanifu amechora, mwanakandarasi yupo. Mhandisi wa nini?

*Nataka kujenga ghorofa tatu Mikindani. Msanifu ameshachora. Mwanakandarasi asema ana mhandisi wake, nisipoteze pesa kutafuta mwingine. Mkadiriaji naye ataka ada yake. Hawa wote wanafanya nini ambacho mwenzake hafanyi?*
*Mjenzi mtarajiwa, Mikindani*

Bwana, hapa pana watu ambao kazi zao zagusana, na mahali zinapogusana ndipo nyumba hupasuka. Msanifu majengo huamua vyumba, madirisha, ngazi na hewa. Mhandisi wa miundo huamua ukubwa wa msingi, nguzo, boriti na slabu, na vyuma vingapi viingie, vya unene gani. Msanifu huchora nguzo ilipo. Mhandisi ndiye anayesema kama nguzo hiyo yatosha. Mkadiriaji majenzi huhesabu vifaa na gharama, na huidhinisha malipo kwa kazi iliyofanyika, wala hasemi kama kazi ni imara. Mwanakandarasi hujenga kilichochorwa. Mhandisi wake ni mwajiriwa wake: kazi yake ni kumsaidia mwanakandarasi kujenga, na wewe wamhitaji anayemkagua mwanakandarasi huyo huyo. Mtu mmoja hawezi kuwa pande zote mbili.

Kaunti huitaka michoro ya msanifu na ya mhandisi wa miundo, yenye sahihi na mihuri yao. Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Msanifu na mkadiriaji husajiliwa na bodi yao, BORAQS, na mwanakandarasi na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA. Mwombe mhandisi namba yake ya usajili na leseni ya mwaka huu, kisha uitafute namba hiyo kwenye orodha ya bodi. Tazama pia fani yake. Mhandisi wa umeme aliyesajiliwa ni mhandisi kamili, lakini sahihi yake kwenye mchoro wa nguzo haifai kitu.

Mikindani kuna jambo jingine. Kisiwani na Nyali nyumba nyingi zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe. Upande wa bara magharibi, kuanzia Changamwe kwenda Mikindani na Miritini, chini kuna mwamba-tope wa tabaka laini, na udongo utokanao nao ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Msingi wa kina kifupi uliomfaa jirani wa Nyali, kwako waweza kuinuliwa na mvua za Mei na kuteremshwa na jua la Februari. Dalili yake ni nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha, zinazopanuka na kufumba kwa misimu. Ukichanganya na maji ya bafuni au tangi la maji taka linalovujia upande mmoja wa msingi, nyumba hupinda. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote, achimbiwe mhandisi wa udongo mashimo mawili au matatu ya majaribio penye nguzo nzito, mita 2 hadi 3 kwenda chini, achukue sampuli, apime nguvu ya udongo na kuvimba kwake. Mhandisi wa miundo hufanya hesabu zake juu ya namba hizo. Akifanya hesabu bila kuwa nazo, amekisia. (Walio juu ya matumbawe nao wasijione salama: mwamba ule una mapango, na chini ya kila nguzo kuu inafaa kutobolewa kujua kama chini kuna jiwe au tundu.)

Sasa mahali kazi zinapogusana. Slabu imeshamwagwa, fundi wa mabomba aja na bomba la choo la milimita 100, akuta boriti ya upana wa milimita 200 imesimama njiani mwake. Achukua nyundo na patasi, atoboa katikati, akata na vyuma viwili vya chini. Hivyo vya chini ndivyo vinavyobeba mvuto wote wa boriti. Msanifu alichora choo, mhandisi alichora boriti, na hakuna aliyeweka mchoro mmoja juu ya wa mwenzake. Kinga ni rahisi: kabla ya kufunga mbao za slabu, msanifu, mhandisi wa miundo na fundi wa mabomba wakae juu ya mchoro mmoja, kila tundu liandikwe, na mahali pa tundu pawekwe kipande cha bomba kikubwa kidogo kabla ya zege kuingia. Tundu likipita kwenye boriti, mhandisi aongeze vyuma kulizunguka au asogeze boriti.

Mkataba wako na mhandisi uandike ni siku zipi lazima awepo. Mashimo ya msingi yakiwa wazi. Vyuma vya msingi vikishafungwa. Vyuma vya kila ngazi ya nguzo, boriti na slabu kabla ya kumwaga. Anayekuja zege likishamwagwa anatazama uso tu. Siku ya vyuma apime kwa rula umbali baina ya chuma na mbao: kwa nyumba yetu ya pwani, nguzo na boriti zilizo wazi kwa upepo wa bahari zipate milimita 40 au zaidi, na vishikilizi vya kutunza umbali huo viwe vya zege, si vipande vya mti wala mawe ya kuokota. Chumvi ikipenya ikafika kwenye chuma, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege hupasuka kutoka ndani. Zile roshani mjini zinazomwaga vipande barabarani zilianza hivyo. Mchanga wa ufuoni ni mwiko kwa sababu hiyo hiyo, hata mwenye lori akiapa kwamba umeoshwa.

Siku ya kumwaga, awepo wa kuhesabu maji. Kwa mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50, lita 25 ni kiasi cha haki, pamoja na unyevu uliomo mchangani. Vibarua hupenda kuongeza maji ili zege litelemke kwa urahisi, na kila lita ya ziada hupunguza nguvu na kuacha vitundu vya chumvi kupitia. Kama ni zito mno kusukumwa, mhandisi aagize dawa ya kulainisha, si bomba la maji. Vichukuliwe vipande vya majaribio, vya mchemraba wa milimita 150 kila upande, vingine vivunjwe siku ya 7 na vingine siku ya 28. Siku ya 7 vikitoa kama theluthi mbili za nguvu iliyotakiwa, mko sawa. Slabu ilowe kwa siku zisizopungua 7, na kwa jua hili ifunikwe kwa magunia.

Ni gharama, twajua. Lakini ukilazimika kupunguza, punguza marumaru na vioo, wala si siku za ukaguzi.

Kreni ya bandari ni ya nani?

*Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne, nakaa Likoni, na kila nikivuka na feri naziona zile kreni kubwa za bandari. Nataka kufanya kazi kwenye mitambo ile. Wengine waniambia nisome mitambo, wengine umeme, wengine kompyuta. Na je, diploma yatosha au lazima digrii?*
*Mwanafunzi, Likoni*

Marahaba, mwanetu. Tukuonyeshe hitilafu moja ili uone mwenyewe. Kreni ya gatini ya kupakia na kupakua meli hunyanyua kontena kwa fremu ya chuma inayoitwa spreda, yenye pini nne zinazoingia kwenye matundu ya pembe za kontena na kujifunga kwa kuzunguka. Kila pini ina sensa. Zote nne zisipotoa ishara ya kufunga, kreni yakataa kunyanyua. Sasa tuseme spreda imekaa vizuri juu ya kontena, taa tatu zimewaka, ya nne haijawaka, na meli inasubiri.

Huenda pembe ya kontena imebonyea na pini haiingii hadi mwisho. Huenda pini yenyewe imelika. Huenda presha ya mafuta ya haidroliki imeshuka. Hayo ni ya watu wa mitambo. Huenda pini imefunga sawasawa ila sensa imesogea milimita chache, nayo husoma kwa karibu sana, au waya umekatikia ndani ya kebo inayojikunja kila spreda ipandapo na kushukapo. Hayo ni ya watu wa umeme. Huenda ishara inafika lakini kadi ya kompyuta inayoipokea imekufa, na hapo ni mtu wa udhibiti wa mitambo. Wote watatu hutazama taa ile ile moja. Anayejua fani yake tu hupoteza saa nzima akibadilisha sensa isiyo na kasoro, kumbe pembe ya kontena ndiyo iliyobonyea. Na anayekata tamaa akairuka sensa ili kazi iende, amekubali sanduku lenye uzito unaoweza kufika tani 30 linyanyuliwe kwa pini tatu juu ya vichwa vya watu.

Juu ya hao kuna mhandisi wa miundo anayetafuta nyufa za uchovu kwenye maungio ya mkono wa kreni kwa rangi ya kupenya na mawimbi ya sauti, na mhandisi wa ujenzi mwenye gati na reli ambazo kreni hutembea juu yake.

Ushauri wetu: wapenda vyuma, gia, breki na kamba za waya, soma mitambo. Wapenda kujua kwa nini mtambo umekataa kutii, soma umeme au fani ya mekatroniki, inayochanganya mitambo, umeme na udhibiti. Vyovyote uchaguavyo, jifunze kusoma michoro ya fani nyingine mbili.

Kuhusu vyeti, fundi stadi hufanya kazi kwa mkono wake. Fundi sanifu mwenye diploma hupima, hutafuta hitilafu na kusimamia zamu. Mwanateknolojia huenda juu zaidi kwenye fani hiyo hiyo ya utekelezaji. Fundi sanifu na mwanateknolojia bodi yao ni KETRB, iliyotokana na sheria ya mwaka 2016. Mhandisi mwenye digrii husajiliwa na EBK, kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha baada ya uzoefu usiopungua miaka mitatu na kupimwa huwa mhandisi mtaalamu anayeweza kutia sahihi. Kreni haiendi bila yeyote kati yao, na diploma ni mlango halali kabisa: Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapo Tudor, kina diploma na digrii pia, na wengi huanza na hii wakaendelea na ile. Ukienda digrii, kabla ya kulipa karo popote, hakikisha kozi hiyo, kwa jina lake kamili, imo kwenye orodha ya kozi zinazotambuliwa na EBK. Chuo kuwa na jina kubwa si dhamana kwamba kila kozi yake imetambuliwa.

Mwanangu ataka uhandisi wa meli

*Mwanangu wa kiume ana diploma ya mitambo na sasa ataka kwenda baharini. Asema melini kuna wahandisi wengi. Wote hufanya kazi moja? Na nianze wapi kumsaidia?*
*Mama wa Mtongwe*

Mama, hawafanyi kazi moja, ingawa wote hulala meli moja na kula meza moja. Mhandisi mkuu hubeba dhamana ya mitambo yote na hesabu ya mafuta. Wa pili huendesha chumba cha injini siku kwa siku na mara nyingi injini kuu ni yake. Wa tatu kwa kawaida hupewa majenereta. Wa nne hupewa pampu, kompresa, mashine za kusafisha mafuta na upokeaji wa mafuta bandarini. Kampuni hutofautiana kidogo katika mgawo huo. Pembeni yao yuko afisa wa umeme na elektroniki, ambaye cheti chake kilitambuliwa rasmi kimataifa kwenye marekebisho ya Manila ya mwaka 2010 ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia.

Kazi zao nazo huingiliana. Chukua mashine ya kusafisha mafuta mazito: mafuta hupashwa hadi karibu nyuzi 98 za Selsiasi, huzungushwa kwa kasi kubwa, maji na uchafu hutengana nayo. Ikianza kumwaga mafuta kwenye tangi la uchafu, wa nne hufikiria sili na diski, afisa wa umeme hufikiria kipimo cha joto kinachodanganya. Mafuta yakiwa na joto la nyuzi 85 huku kioo kinaonyesha 98, mashine nzima hata isafishwe vipi haitafanya kazi. Ndiyo maana kipimajoto cha kawaida cha kushika mkononi hutangulia.

Cheti cha kwanza cha afisa wa zamu ya injini, kwa meli zenye injini ya kilowati 750 kwenda juu, hufuata kanuni III/1 ya mkataba huo wa STCW, wa mwaka 1978. Awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Kwa aliye kwenye mpango wa mafunzo ulioidhinishwa, anahitaji miezi 12 ya karakana na bahari kwa pamoja, ikiwemo 6 ya zamu katika chumba cha injini. Nje ya mpango huo ni miezi 36, 30 kati yake chumba cha injini. Kwa hiyo, mama, swali la kuuliza chuo chochote cha bahari, hata Bandari Maritime Academy hapa hapa mjini, ni hili: mafunzo yenu yameidhinishwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya kwa kanuni ipi, na nani humtafutia kijana meli ya kufanyia ile miezi? Darasa si tabu. Nafasi ya kijana wa mafunzo melini ndiyo tabu, na vijana wengi hukwama hapo na cheti cha darasani mkononi.

Aanze na daktari anayetambuliwa na mamlaka hiyo. Cheti cha afya hakipiti miaka miwili, na macho hupimwa, hata rangi. Afadhali ajue hilo kabla ya karo kuliko baada. Kisha kozi za usalama: kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama binafsi na wajibu kwa wenzake, na ulinzi wa meli. Na asilipe wakala yeyote anayeahidi meli kwa pesa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi.

Sola juu ya paa la mabati

*Fundi wa sola anataka kuniwekea paneli 20 Nyali. Mhandisi wa miundo anahitajika kweli?*
*Msomaji, Nyali*

Mara moja tu, na kwa saa chache. Paneli ya wati 550 ina kilo kama 28, kwa hiyo 20 ni kilo 560, zikisambaa kwenye mita mraba zaidi ya 50. Uzito huo paa zima la kawaida laweza kuubeba, kama mbao hazijaliwa na mchwa. Hatari ni upepo kuingia chini ya paneli na kuzinyanyua pamoja na mabati. Mhandisi aangalie vishikio vimefungwa kwenye mbao za paa, visiwe kwenye bati peke yake, na mbao zenyewe zimefungwa ukutani. Skurubu na vishikio viwe vya chuma cha pua cha daraja la 316. Vya kawaida vilivyopakwa zinki karibu na bahari havikai.

Upande wa umeme, paneli 10 zikiunganishwa mfululizo hutoa karibu volti 500 za mkondo mnyoofu (DC), na mkondo huo ukitoa cheche haukatiki wenyewe. Swichi na fyuzi ziwe zimeandikwa DC kwa volti hizo. Fyuzi ya kawaida ya nyumbani hapo ni moto unaosubiri. Leseni ya sola ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ina madaraja T1, T2 na T3, na mfumo utakaounganishwa na Kenya Power wahitaji mwenye T3. Akuonyeshe leseni kabla ya kumpa malipo ya kwanza, na kwenye risiti aandike ni nani aliyekagua paa.